Kifua cha Mji wa Kambi

Kutoka bombani mpaka nyumbani, Hannah alikuwa na vituo vitatu. Cha kwanza kilikuwa kwenye mkorosho wa kwa mchungaji, cha pili kwenye jiwe lililo kando ya duka, na cha tatu hakikuwa na mti wala jiwe, ni mahali tu ambapo pumzi zilimwishia. Zamani njia hiyo aliimaliza akiwa na ndoo kichwani na mzigo wa kuni mkononi, tena akigombana na mtu aliye nyuma yake. Sasa, na miaka hamsini na minane, alibeba dumu la lita tano na bado alitua mara tatu. Waliompita walimwuliza kama amepumzika, naye aliwajibu kuwa anamngoja mtu. Hakuna aliyemwuliza anamngoja nani.

Aliishi Kakuyuni, bara kidogo ya Malindi. Kwa Wagiriama wa huko mji si lazima uwe na lami na benki. Nyumba nne za udongo zilizozunguka kiwanja kimoja ni mji tosha, na huu ulikuwa mji wa Kambi, marehemu baba mkwe wake. Nyumba kubwa ya mji huo ilikuwa na mafiga ndani, na juu ya mafiga kulikuwa na dari ya fito ambayo wenyewe huiita lutsaga. Huko darini ndiko mahindi ya mbegu yalikokaa, yakiwa na maganda yake, yakifukizwa moshi asubuhi na jioni mpaka yakawa meusi kama chungu. Dumuzi, yule mdudu anayekusagia gunia zima kabla hujalifikisha kinuni, hagusi hindi lililokula moshi.

Na hayo hayakuwa mahindi ya hivi hivi. Yalikuwa mzihana, mbegu ya kienyeji inayovumilia jua ambalo mbegu za madukani zikiliona tu zinalala chini. Kila mwezi wa tatu, kabla masika hayajashika, watu wa Kakuyuni walikuja mjini kwa Kambi na vikapu vyao, wakakaa kivulini, wakaulizana habari za watoto kana kwamba wamekuja kwa ajili ya watoto. Hannah aliwaacha wazungumze mpaka wachoke, halafu akapanda ngazi ya fito na kuwashushia. Baada ya mavuno kila mmoja alileta mahindi mazuri kuliko aliyochukua. Kwa vyeo vya Kakuyuni, mwenye mbegu alikuwa juu ya mwenye pikipiki na chini kidogo tu ya mwalimu mkuu.

Cheo hicho hakikununuliwa wala kuombwa. Kilikuwa cha mke wa mtoto wa kwanza wa kiume, basi. Hannah aliolewa na Joram, mtoto wa kwanza wa Kambi, akiwa na miaka kumi na tisa, na mama mkwe wake, Mbodze, alimkabidhi mafiga kabla hajaijua vizuri njia ya kwenda kisimani. Mbodze alimfundisha kwamba moto wa lutsaga si moto wa chai. Haufai kuwaka, unatakiwa kununa. Unaulisha makumbi ya nazi yaliyokauka nusu, unausindikiza na tawi la mkorosho, kisha unarudisha mlango ili moshi usije ukapata njia ya mkato. Tena ni moto wa kukaliwa. Ukiuacha peke yake utawaka ukaunguza dari, au utazimika na dumuzi apate habari. Kwa hiyo mwenye mbegu huketi ndani na moto wake, anachambua mboga humo, anakuna nazi humo, ananyonyesha humo.

Hannah alikaa humo miaka thelathini na tisa.

Mbodze mwenyewe alikufa kwa kifua. Miaka yake ya mwisho alilala akiwa ameketi, mgongo ukutani, na maneno yake yalitoka mawili mawili. Alipozikwa, wazee wakakumbuka kwamba mama mkwe wa Mbodze naye alikwenda hivyo hivyo, akihema kama mtu aliyekimbizwa. Ndipo likapatikana jina, kifua cha mji wa Kambi. Watu wakipata jina la ugonjwa huona wameshamaliza nusu ya kazi. Ikasemekana kuna koma, yaani mizimu ya wazee, iliyosahauliwa na inayodai. Hannah alipoanza kukohoa, hakuna aliyeshangaa, hata yeye mwenyewe. Aliombewa kanisani mara mbili na kuchinjiwa mbuzi mara moja, na kila upande haukuambiwa habari za mwenzake. Kwaya aliiacha polepole. Kwanza aliacha kuimba sauti za juu, kisha akawa anafungua mdomo tu wenzake wakiimba, mwishowe akaanza kuketi viti vya nyuma pamoja na wenye watoto wachanga.

Mwanawe Hesbon alikuwa Mtwapa, akichomelea mageti ya watu. Alikuja Pasaka moja, akamsikia mama yake akisimama katikati ya sentensi kutafuta hewa, akauliza hali hii imeanza lini. Hannah akasema ni juzi juzi. Baba yake, Joram, alikuwa akisokota kamba kando, naye akasema ni miaka saba. Kesho yake Hesbon akampeleka mama yake hospitali Malindi.

Daktari aliyewapokea alikuwa msichana wa Kitui, jina lake Ndinda, mwenye sauti ya haraka na mikono ya taratibu. Alimpima kifua kikuu, hakikuwepo. Alimpiga picha. Alimpa mrija wa chombo cha kupimia pumzi apulize kwa nguvu zake zote, Hannah akapuliza, na sindano ya kile chombo ikanyanyuka kidogo na kulala tena. Ndinda akamwuliza kama anavuta sigara. Hannah alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, ikabidi wamngoje. Halafu akaulizwa anapikia nini, na wapi, na kwa muda gani, maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza, maana nani humwuliza mwanamke anapikia nini?

"Mapafu yako mama yamechoka kama ya mtu aliyevuta sigara maisha yake yote," Ndinda alimwambia. "Yale yameharibika hayawezi kurudi, sitakudanganya. Lakini yale yamebaki tunaweza kuyalinda. Usiingie kwenye moshi tena."

Akampa kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo na kumwonyesha namna ya kukitumia. Hannah hakumtajia Mbodze wala koma. Aliona haya kumpelekea habari za mizimu msichana aliyebandika jina lake kifuani.

Jioni ile Hesbon alilileta jambo mbele ya baba yake. Alisema moto uhamishwe nje, watu wapikie uwanjani, na lutsaga ipumzike. Joram hakuwa mtu wa kelele, na wala hakuwa mtu mbaya. Mama yake alifia katika nyumba ile, na yeye ndiye aliyekuwa akimshikia bakuli. Aliuliza jambo moja tu, kwamba mbegu je. Walizunguka hapo mpaka chai ikapoa. Mwishowe Joram mwenyewe akaona njia, na ilikuwa njia nzuri kiasi kwamba walishangaa hawakuiona mapema. Hannah ana mkwe. Hesbon ni mtoto wa kwanza wa kiume, na mkewe yupo hapo hapo mjini. Mafiga yangekuwa yake siku moja kwa vyovyote, basi na yawe yake sasa. Hannah ajengewe banda upande wa pili wa kiwanja, upepo unakotokea, apumzike. Daktari alisema mama asiingie kwenye moshi; hakusema moshi uzimwe.

Hesbon akakubali. Mkewe aliitwa Nelly, Mchonyi wa miaka ishirini na minne, aliyemaliza kidato cha nne na aliyekuwa akijifunza cherehani kwa fundi mmoja pale sokoni. Aliitwa akaambiwa. Nelly, ambaye hakuulizwa, alisema asante.

Hannah alimfundisha alasiri moja, mlango ukiwa wazi kwa ajili yake. Makumbi yaliyokauka nusu, tawi la mkorosho, moto wa kununa. Alijisikia akisema maneno ya Mbodze, hata pumzi zake za mawili mawili zilikuwa za Mbodze. Halafu akatoka, akavuka kiwanja, akajilaza bandani. Banda halikuwa na kuta ila fito, na upepo ulipita humo bila kubisha hodi.

Alilala, jamani. Mtu asiyewahi kuchoka miaka arobaini mfululizo hawezi kuelewa usingizi ule. Alilala mchana kama mtalii. Alilala akisikia kuku, akisikia pikipiki, akisikia Joram akiita mbuzi, na hakuna lolote kati ya hayo lililomhusu. Uchovu aliokuwa hajapata nafasi ya kuusikia ulimjia wote kwa mkupuo, nao ukataka heshima yake. Watu walisema mwenye mbegu amekuwa malkia. Pumzi zake hazikurudi, lakini ziliacha kumkimbia. Vituo vya kutoka bombani vikawa viwili. Ilifika siku akaimba ubeti mzima akiwa anakunja nguo, sauti ya chini, akamaliza na kuketi kitandani akiwa na furaha ambayo hakutaka mtu aione. Masika yalipofika watu walikuja na vikapu vyao, na Nelly ndiye aliyepanda ngazi. Mbegu ilikuwa safi. Walimsifu Hannah kwa kumfundisha vizuri.

Mwezi wa nane, katika baridi ya kusi, ndipo alipokisikia.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, naye hajaamka kwa sababu hakukuwa na haja ya kuamka. Kikohozi kilitoka nyumba kubwa. Hakikuwa cha mafua. Cha mafua kina maji na kelele, huja na kuondoka. Hiki kilikuwa kikavu, kifupi, kama mtu anayesafisha koo ili aseme jambo, kisha hasemi. Hannah alikijua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Alilala macho wazi akihesabu, kikaja mara sita. Kisha akavuta shuka, akageukia upande wa pili.

Kesho yake akakisikia tena, na kesho kutwa. Alijiambia ni vumbi. Alijiambia Nelly ni kijana, kijana hatikiswi na moshi wa mwaka mmoja, mbona yeye mwenyewe alichukua miaka ishirini kabla ya kukohoa? Ukweli ni kwamba hakukumbuka alianza lini, lakini miaka ishirini ilisikika vizuri. Nelly alipita uwanjani na kuni, macho mekundu, akamwamkia vizuri kama kawaida. Hannah akamwuliza kama ameshikwa na mafua. Nelly akamtazama kwa muda, akasema ndiyo, mama, ni mafua. Hannah akashukuru kwa jibu lile. Akamwambia achemshe majani ya mkaratusi, na huo ukawa msaada wake wote kwa mkaza mwanawe kwa miezi mitano.

Miezi mitano, kila asubuhi. Asidhani mtu kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa amechoka. Alijua kwamba akilitamka lile neno, kifua, mapumziko yatakuwa yamekwisha; ama atarudi yeye motoni, ama mbegu itakwenda, na mbegu ikienda atakuwa alitoa mapafu yake kwa kitu ambacho hakipo tena. Basi akageuka upande wa pili. Mto ukamzoea.

Aliyelitamka ni Joram. Alikuja bandani mwezi wa kwanza, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema kifua cha mji kimeshampata na Nelly, tena mapema kuliko wote waliotangulia. Koma zimekasirika zaidi. Safari hii watafute mbuzi mweusi, na wazee waje kumwaga tembo la mnazi. Hannah akakubali haraka mno, na alipomwona mumewe akitoka kwenda kutafuta kamba alisikia nafuu kubwa. Mbuzi hana cha kumwuliza mtu.

Wiki ile ile ilikuwa siku yake ya kwenda Malindi kuchukua dawa. Ndinda alimpima, akafurahi, akasema sindano haijashuka kuliko mwaka jana. Akauliza, kwa mazoea tu ya kazi, kama nyumbani wote wazima. Hannah alikuwa amekusudia kusema ndiyo. Lakini amani ya mbuzi ilikuwa imemlegeza ulimi, akajikuta anaeleza: kwamba ule mji una kifua, kwamba kilianza kwa bibi ambaye yeye alimjua kwa jina tu, kikamshika mama mkwe wake, kikamshika yeye, na sasa kiko kwa mke wa mwanawe. Alieleza na habari za koma. Alimtazama Ndinda usoni kuona kama atacheka.

Ndinda hakucheka. Alivuta karatasi, akaandika majina manne, moja chini ya jingine.

"Huyu Mbodze," aliuliza, "alikuwa ni mtu wa ukoo wenu?"

Hannah akasema hapana, angekuwaje wa ukoo wake? Mbodze alitoka Kaloleni. Na yule bibi wa kwanza? Huyo walisema ni wa Jilore. Nelly je? Mchonyi. Na yeye mwenyewe alizaliwa Ganze.

"Na wasichana waliozaliwa hapo kwenu, kwa Kambi?"

Hao walikuwa wawili, dada zake Joram. Mkubwa aliolewa Ngomeni, ana miaka zaidi ya sabini, na mpaka leo anakwenda kanisani kwa miguu na kurudi. Wa pili alifanya kazi ya kufua katika hoteli moja ya Kikambala mpaka akastaafu, na sauti yake utaisikia kabla hujamwona. Hawakohoi? Hannah akafikiri. Hawakohoi.

"Basi huu ugonjwa hauko kwenye damu ya huo mji, mama," Ndinda alisema. "Nyinyi wanne hamna damu moja. Mko na jiko moja."

Hannah aliitazama karatasi. Majina manne, na yote yalikuja pale kwa ndoa, yakakabidhiwa heshima. Kilichomwuma ni kwamba hakushangaa. Alitafuta mshangao moyoni mwake, akakuta pale penye mshangao pana aibu, tena imeshakaa siku nyingi. Ndinda alikuwa akiendelea kusema, kwamba huyo kijana mapafu yake bado yana nafasi, akitolewa sasa anaweza kupona kabisa, amlete wiki ijayo, asimngojee mpaka achoke. Hannah aliitikia kila neno. Alipotoka nje aliketi kwenye benchi la wagonjwa akalia kidogo, bila sauti, kwa sababu kulia kwa sauti kunataka pumzi.

Alifika nyumbani alasiri. Joram alikuwa uwanjani, mbuzi mweusi amefungwa kwenye mnazi. Hannah hakwenda bandani. Alisimama mbele ya mumewe mpaka hewa ikamtosha, akamwambia amwachilie mbuzi na ashushe mbegu.

Joram alidhani amesikia vibaya. Akamweleza, kwa upole kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba mbegu haishuki kabla ya mwezi wa tatu. Hannah akamsomea yale majina manne bila karatasi, na mahali kila mmoja alikotoka. Halafu akamtajia dada zake wawili. Joram alikuwa mtu wa kuelewa mambo polepole, lakini akielewa ameelewa, na uso wake ulibadilika alipofika kwa mama yake.

"Watu wanatujua kwa mbegu," alisema mwishowe. "Tukiishusha, sisi tutakuwa nani?"

"Tutakuwa waombaji, baba Hesbon. Kama wao walivyokuwa kwetu."

Niseme kabisa yaliyokuja kutokea kuhusu mahindi, maana kutojua kutamkera msomaji. Yaligawiwa yote wiki ile, kikapu kwa kila nyumba, kila mtu atunze yake. Wengine waliyatunza, wengine waliyatia kwenye ugali. Mwaka uliofuata nyumba mbili tu ndizo zilizokuwa na mzihana, na Hannah alikwenda katika moja ya hizo na kikapu chake, akaketi kivulini akiulizia habari za watoto, mwenye nyumba akamwacha azungumze mpaka achoke. Alirudi na mahindi manane. Hakulisahau hilo, na sisemi lilikuwa jepesi.

Lakini alasiri ile hayo yalikuwa bado. Joram alikwenda kutafuta ngazi, na Hannah akaingia nyumba kubwa.

Hakuwa ameingia humo kwa karibu miezi kumi na minane. Moshi ulimpokea mlangoni. Nelly alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, leso imefungwa puani, akipuliza makumbi. Aliponyanyua uso na kumwona mkwe wake aliruka, akasema mama toka, daktari amekukataza. Hannah akamwambia moto unahama, amsaidie. Nelly hakuuliza unahama kwenda wapi wala kwa nini. Alishika gae la chungu, akazoa makaa na makumbi yanayofuka, akayatoa nje mara tatu, haraka haraka, kama mtu aliyekuwa ameshaifikiria kazi hiyo siku nyingi. Kisha akazungushia matambara figa la kwanza, wakalishika wawili, wakalitoa mpaka katikati ya kiwanja.

Huko Hannah alishindwa. Aliketi chini mavumbini, kikohozi kikampanda, na Nelly alipoinama kumshika naye kikampanda. Wakakohoa wote wawili, wakiwa wamekaa kando ya lile jiwe jeusi, mkubwa kwa kile kikohozi chake kirefu na mdogo kwa kile kifupi. Joram alisimama na ngazi yake mbali kidogo, hakujua aweke mikono wapi.

Kilipotulia, Hannah akavuta dawa yake, akangoja, akasema kile alichoingia kusema.

"Nilikusikia, mwanangu. Tangu mwezi wa nane. Kila asubuhi nilikusikia, nikageuka upande wa pili."

Nelly alijifungua ile leso puani, akaikunja mara mbili juu ya magoti yake. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikuwa imechoka kama wao.

"Nilijua unanisikia, mama," alisema. "Siku nyingine nilikohoa kwa nguvu makusudi."

Hannah aliutazama mlango wa nyumba kubwa, ambako mafiga mawili yalikuwa yamebaki na moshi uliosalia ulikuwa ukitoka taratibu. Nelly alianza kuinuka ili arudi ndani. Hannah akamshika mkono, akamkalisha, akainuka yeye.

Alitembea hatua chache kuelekea mafiga yaliyobaki, akasimama, akatembea tena.